Siku Nzima Chini ya Mwembe: Mwongozo Kamili wa Wikendi ya Joto Uani na Familia, Kisumu

Kisumu iko takriban mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka mjini. Kuanzia Januari hadi mvua za masika zishike, joto la mchana hukaribia nyuzi 30 na siku nyingine hupita hapo. Katika majuma hayo familia nyingi hujifungia sebuleni chini ya mabati yaliyokwisha kuiva kwa jua, feni ikizungusha hewa ile ile ya moto, ilhali nje kuna mwembe wenye kivuli kizito na upepo wa ziwa usiolipiwa. Ninaandika kwa ajili ya boma la kawaida la Mamboleo, Riat, Nyamasaria au Kajulu: ua wenye nyasi, mti mmoja au miwili, bustani ndogo ya mboga, na watu wanane hadi kumi na wawili, kuanzia mtoto anayetambaa hadi nyanya yao anayehitaji kiti chenye mgongo.

Jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote ni kivuli. Chakula, michezo, usingizi wa mchana na hata mahali pa kuwasha jiko vyote hufuata kivuli kinakokwenda, na anayeanza kwa kupanga chakula kabla hajajua kivuli kitakuwa wapi saa tisa atajikuta akihamisha watu siku nzima.

Hatua ya kwanza: kisome kivuli wiki moja kabla

Nchi yetu hutumia saa zilizopimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, lakini Kisumu iko karibu na nyuzi 35. Kwa sababu hiyo jua halifiki utosini saa sita kamili; hufika kati ya saa sita na dakika 25 na saa saba kasoro dakika tano, kutegemea mwezi. Desemba na Januari jua hilo la utosi huegemea kusini, hivyo kivuli cha mchana huangukia kaskazini mwa mti. Juni na Julai mambo hugeuka. Karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba, kivuli hukaa chini ya matawi moja kwa moja. Mwembe wenye urefu wa mita 6, mwishoni mwa Desemba, hupeleka ncha ya kivuli chake kama mita mbili na nusu kaskazini mwa shina wakati wa utosi. Baada ya hapo, mwezi wowote ule, kivuli huanza kurefuka kuelekea mashariki, kwa kuwa jua linateremka upande wa ziwa.

Mara ya kwanza tulipojaribu siku ya namna hii, nilitandika mikeka magharibi mwa shina saa nne asubuhi, kwa kuwa wakati huo ndiko kulikokuwa na kivuli kizuri. Kufikia saa nane tulikuwa tumehamisha mikeka, viti, sufuria na mtoto aliyelala mara tatu, na mama mkwe wangu akasema kwa upole kwamba angependa kwenda kupumzika ndani. Watoto walimfuata mmoja mmoja, na siku yetu ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo huwa ninachomeka vijiti ardhini Jumamosi iliyotangulia: kimoja kwenye ukingo wa kivuli saa nne, kingine saa saba, cha tatu saa tisa na cha mwisho saa kumi na moja. Sehemu iliyo ndani ya kivuli kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja, ambayo karibu kila mara huwa mashariki mwa shina, ndiyo sebule ya siku hiyo, na haihamishwi. Saa za asubuhi hazina shida, kwa kuwa wakati huo watu huwa wanatembea, wanachuma mboga au wako jikoni.

Ukiwa chini ya mti huo, inua macho. Tafuta tawi kavu, mzinga wa nyuki na kiota cha nyigu, na msimu wa maembe usimlaze mtoto mchanga chini ya matunda yaliyoiva, hata kama hapo ndipo penye ubaridi zaidi.

Upepo nao una desturi yake. Kunapokaribia adhuhuri, upepo wa ziwa huanza kuvuma kutoka Ghuba ya Winam kuja nchi kavu, na alasiri hupata nguvu. Moshi wa jiko basi huelekea mashariki, ambako pia ndiko kivuli kinakokwenda, na hapa ndipo wengi hukosea: huweka jiko karibu na shina ili mpishi apate kivuli, kisha wageni hulia machozi. Jiko liwekwe mbali zaidi mashariki kupita mikeka, hatua kumi hivi, au kando kabisa upande wa kusini, na mpishi atengenezewe kivuli chake mwenyewe kwa mwavuli mkubwa.

Kwa boma lisilo na mti

Turubai hufaa, mradi lipandishwe juu. Turubai la plastiki likifungwa chini hushika joto na kulimwaga juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo nguzo zisipungue mita mbili na nusu, na pande zote ziachwe wazi. Jua la saa tisa litaingia kutoka magharibi, na upepo mzuri unatoka huko huko. Ukiziba upande huo kwa turubai lingine utakuwa umezuia jua lakini umejinyima na upepo. Sisi hutundika leso mbili zilizoloweshwa maji. Jua hukatika, upepo hupenya ukiwa umepoa, na kazi pekee ni kuzilowesha tena kila zinapokauka. Kwa anayefikiria miaka ijayo, mpasheni uliopandwa kwenye fremu ya mbao hutandaa haraka ukatoa kivuli na matunda pamoja, na siala, mti uliozoeleka katika maboma ya Waluo, hukua upesi kuliko mwembe.

Hatua ya pili: andaa ardhi Alhamisi na Ijumaa

Nyasi zikatwe Alhamisi. Zikikatwa asubuhi ya siku yenyewe, vumbi, panzi na viroboto huwa bado vimechangamka, na mabua mabichi huwasha miguu ya watoto. Ijumaa jioni mwagia maji pale mikeka itakapotandikwa, kiasi cha kutuliza vumbi bila kutengeneza matope, kisha zunguka ua wote ukiwa na macho ya mtoto mdogo: vipande vya chupa, misumari, miiba, mashimo, na njia ya siafu. Msafara wa siafu ukiuona, sogeza mpango wako mbali nao.

Katika mzunguko huo huo mwaga maji yote yaliyosimama kwenye matairi, vifuu, makopo na visahani vya maua. Mbu huhitaji siku saba hadi kumi na nne hivi kutoka yai hadi kuruka, na kwa hiyo boma linalomwaga maji yake kila wiki hupunguza sana mbu wake lenyewe. Pipa la maji ya mvua lifunikwe. Nitalirudia hili kwa sababu si la mbu tu: mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuzama katika ndoo yenye maji ya kina cha kiganja, na siku yenye watu wengi ni siku ambayo kila mtu mzima hudhani mwenzake ndiye anayemtazama mtoto. Mchague mtu kwa jina, mpeane zamu za nusu saa, na anayemaliza zamu aseme kwa sauti kwamba amemaliza.

Viti vipangwe kwa heshima ya nyumba yenyewe. Katika familia nyingi za Waluo na Waluhya, mkwe wa kiume na mama mkwe wake huwekeana umbali wa staha, na si vyema kuwaweka goti kwa goti kwenye mkeka mmoja. Tengeneza vikundi viwili vya kukaa chini ya kivuli kimoja, kimoja cha viti na kingine cha mikeka, na watoto wapite katikati wakibeba vikombe na habari. Hakuna atakayejiona ametengwa.

Hatua ya tatu: samaki, moto na mboga

Waweza kupika chochote, lakini sioni sababu ya mtu wa Kisumu kutafuta mbali. Kwa watu kumi mimi hununua ngege (tilapia) saba wa takriban nusu kilo kila mmoja, asubuhi ya siku yenyewe, wakati mashua zimekwisha kufika Dunga na jua halijapanda. Ngege mzuri ana macho angavu yaliyotokeza, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza kwa kidole. Harufu yake ni ya maji ya ziwa. Macho yakiwa yamedidimia na mashavu yamegeuka kahawia, mshukuru muuzaji uende mbele. Mwombe akupalie magamba na kumtoa matumbo hapo hapo, kisha umsafirishe katika ndoo yenye mfuniko na barafu, hata kama nyumbani ni karibu. Joto la nyuzi 30 halimsubiri mtu aliyekwama kwenye msongamano wa magari.

Ukifika, mwoshe, mkaushe kwa kitambaa safi, umchanje mara tatu kila upande, umpake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha umrudishe penye baridi kwa nusu saa. Kumkausha ndiyo siri ya kutonata. Ngozi yenye maji huganda kwenye wavu, na ukimgeuza anabaki nusu juu ya moto na nusu mkononi mwako.

Moto uwashwe saa tano na nusu ikiwa chakula ni saa saba. Makaa hayako tayari yanapotoa miali. Yako tayari yanapofunikwa na jivu la kijivu, na kiganja chako kinaweza kukaa juu ya wavu kwa sekunde nne au tano kabla ya kukiondoa. Paka wavu mafuta, mlaze samaki, umwache. Ngege wa nusu kilo huhitaji dakika nane hadi kumi kila upande, na hugeuzwa mara moja tu. Ameiva nyama inapoachana na mfupa wa mgongo bila kulazimishwa na haina tena rangi ya kioo. Ukichoma kuku pamoja naye, mwanzishe kuku mapema, kwa kuwa kuku lazima aive hadi kwenye mfupa bila chembe ya wekundu, na vyombo vilivyoshika nyama yake mbichi visiguse kachumbari.

Mboga zichumwe alfajiri, kabla jua halijazilegeza. Hii ndiyo kazi ninayowapa watoto, na wanaipenda kuliko tunavyodhani: mmoja achume managu, ambayo Waluo huiita osuga, mwingine mitoo, mwingine kunde, na nyanya yao awafundishe kubana kilele kwa vidole ili mmea uchipue tena badala ya kung'oka. Managu ichemshwe, kisha itiwe maziwa na kuachwa ipoe polepole juu ya jiko ili ukali upungue. Ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo hukaa laini muda mrefu kuliko ule wa mahindi, na hilo lina faida pale ambapo watu hula kwa awamu. Kachumbari ikatwe dakika za mwisho kabisa.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kisizidi saa moja. Ninajua ilivyo vigumu kuondoa sahani mbele ya wageni. Funika, peleka ndani, na utoe tena mtu akihitaji.

Hatua ya nne: maji kabla ya kiu

Chungu cha udongo kilichojazwa maji safi usiku uliotangulia, kikawekwa kivulini penye upepo, hupoza maji vizuri, kwa kuwa maji yanayopenya ukutani mwake huvukizwa na kuondoka na joto. Kando yake weka mtungi wa lita 20 wa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mwingine wa kunawa mikono. Juisi ya ukwaju au pasheni isiwe tamu mno. Wazee na watoto wadogo ndio wa kuangaliwa, kwa sababu mzee huchelewa kuhisi kiu na mtoto hukataa kuacha mchezo. Wapelekee kikombe mkononi kila nusu saa bila kuwauliza kama wanataka.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kutapika au kulegea kwa joto, mlaze kivulini, mlegeze nguo, mpunguzie joto kwa kitambaa cha maji, na umpe maji kidogo kidogo. Aliyepoteza maji kwa kutapika au kuhara hufaidika na mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akichanganyikiwa au kuzimia, apelekwe hospitali mara moja.

Hapa ikweta, jua kati ya saa nne na saa tisa huchoma ngozi ya kila mtu, na ndugu mwenye ualbino asiachwe kulibahatisha: mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya muda wa saa mbili, na kiti chake kiwe katikati ya kivuli.

Hatua ya tano: mwendo wa siku

Saa tatu hadi saa tano ni za bustani. Saa sita hadi saa tisa ni za kivuli, chakula, hadithi na usingizi, na ninaomba watu wazima wasione haya kulala mbele ya watoto wao. Kuanzia saa tisa na nusu ua huamka upya. Wasichana huchora mistari ya mchezo wa kati, wavulana huchimba vishimo vya bano (gololi), na siku nyingine hubadilishana bila kuamriwa. Ubao wa ajua, yaani bao la Waluo, uwekwe kwa wazee. Ukitaka kumwona kijana wa kidato cha pili akisahau simu yake, mketishe mbele ya nyanya yake kwenye ajua, apigwe mara mbili mfululizo, kisha asikie nyanya huyo akieleza kwa utaratibu ni kete gani aliyoipeleka vibaya. Katika nyumba yetu hakuna kitu kingine kilichowaleta karibu hao wawili namna hiyo. Simu hazikukatazwa na mtu. Ziliachwa tu kwenye kapu lililo mlangoni, pamoja na yangu.

Hatua ya sita: tazama vilima

Mvua za alasiri ni za kawaida kwetu, na mara nyingi mawingu hujijenga kwanza juu ya vilima vya Nandi na upande wa Kericho kabla ya kuteremka kuelekea ziwani. Kuanzia saa tisa mtu mmoja aitazame mashariki. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita 1. Hesabu ikiwa chini ya 30, kila mtu aingie ndani ya nyumba, na asitoke hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mwembe uliotulinda na jua siku nzima ndio mahali pabaya kuliko pote wakati wa radi, na ni lazima watoto waambiwe hivyo asubuhi, kabla ya haraka na kelele.

Wakati huo wa kukimbia, jiko libaki nje. Makaa yanayoonekana kufa bado hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na jiko lililoingizwa sebuleni au chumba cha kulala ili lisinyeshewe limekwisha kuua familia nzima nchini mwetu. Lifunike kwa bati au liache lilowe. Sufuria ndizo za kuokoa.

Hatua ya saba: giza linapoingia

Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na mbu hufuata. Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima, na mbu wanaoieneza huuma hasa usiku. Kwa hiyo kufikia saa kumi na mbili watoto wawe wamekwisha kuoga, wamevaa nguo za mikono mirefu na kupakwa dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wao. Wadogo waingie chini ya neti mapema. Homa ikitokea siku zinazofuata, pima damu kwanza badala ya kununua dawa kwa kukisia.

Taa kali ya nje huvuta wadudu wa ziwa, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji. Hawaumi, ila huingia kwenye chai na macho. Wa kuogopwa ni mdudu mwembamba mwenye pingili za rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye wengi humwita Nairobi Fly, na ambaye huongezeka baada ya mvua. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na ukimponda juu ya ngozi utaamka na malengelenge. Mpulize, usimpige, kisha uoshe mahali hapo kwa sabuni. Sisi huning'iniza taa moja nyeupe yenye mwanga mkali mbali na mikeka ili wadudu waende huko. Wanaoishi karibu na ufuo wamalize mapema zaidi, kwa kuwa kiboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, na hapishi njia.

Kabla ya kufunga mlango, mwagia makaa maji, yakoroge, uyamwagie tena hadi yasitoe mvuke. Mikeka isikunjwe usiku huo ikiwa na umande. Itundike kwenye kamba, na Jumapili asubuhi ikikauka iviringishe na kuisimamisha nyuma ya mlango. Vijiti vya kivuli viache vilipo, ukisogeza kimoja kimoja mwezi unapobadilika.